Wifi Aliyetaka Kuisoma Dunia

Nilimtuma chumvi, akaniletea Ureno.

Maharage yalikuwa yanatokota jikoni, mtoto analia mgongoni, mume wangu karibu atoke kazini. Duka la Mhindi la Magomeni ya Kilosa halikuwa mbali na nyumba za reli tulizokuwa tunakaa. Wifi alitoka na kikombe cha kutilia chumvi jua likiwa utosini. Akarudi vivuli vimerefuka, kikombe kitupu, kwapani kitabu kisicho na jalada.

"Chumvi iko wapi, wifi?"

"Hutaamini, wifi yangu. Nimemkuta Mmakua mmoja pale dukani, manamba wa shamba la mkonge, katoka upande wa Mreno. Ana kitabu cha huko. Na mimi Ureno nilikuwa sina."

"Nakuuliza chumvi, wifi."

"Ureno nilikuwa sina kabisa," akasema, akajikalia kwenye kigoda changu, akaanza kukipangusa kile kitabu kwa upindo wa khanga kama anayempangusa mtoto mchanga.

Maharage tuliyala bila chumvi. Mume wangu alitafuna kidogo, akaweka kijiko chini, akanitazama mimi. Si dada yake. Mimi.

Watu wa Kilosa wakimtaja wifi yangu hushusha sauti. Mkunga, husema, mama wa watu, mikono yake ilikuwa na baraka. Kweli. Sibishani nao. Lakini hao wote aliwazalisha akaondoka. Kwangu mimi ndiko alikokuwa akirudi. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake kawaulize wa kwao milimani, watakueleza mpaka uombe ruhusa ya kwenda kulala. Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge, baba yangu alikuja kutoka Unyamwezi kwa mkataba akabaki, na ukoo wa watu wa milimani haunihusu. Nitasema niliyoyaona.

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Alipofiwa na mumewe alikuja kukaa nasi, kwa kuwa binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Tindiga na hakutaka kumwelemea. Alikuja na sanduku la bati, kitabu cha nyimbo za kanisani na mkasi wa kazi yake. Nikafurahi. Nilikuwa na watoto wadogo wawili, nikajua nimepata msaidizi. Nilikuwa na haki ya kujua hivyo.

Kilichomharibu ni mvua. Mto Mkondoa ulifurika, njia zikakatika, daktari akakwama ng'ambo, na mke wa Meneja wa shamba la mkonge akashikwa na uchungu. Meneja na mkewe walikuwa Wagiriki. Wakamtuma mtu kwa Wifi, naye akaenda, maji yakimfika kiunoni, mkasi ameufunga kichwani kwenye kilemba. Mtoto alizaliwa salama. Yule bibi alipopata nguvu alifungua kabati lake akamwambia Wifi achague atakacho. Mlikuwa na vitambaa humo! Wifi mwenyewe alinisimulia: vya maua, vya mistari, kimoja cha kijani kama mpunga. Nilipokuwa namsikiliza nilishaanza kujipangia mapazia.

"Ukachukua kipi?"

Akatoa kitabu. Maandishi yake hata hayakufanana na yetu. Ungekigeuza juu chini usingejua.

"Wifi, hiki utakisomaje?"

"Sijui. Lakini nilimuuliza kimeandikwa na nani, akasema na mtu wa kwao. Wa kwao, wifi! Anaandika habari za huko kwao, kwa lugha yao." Alikuwa ananitazama kama aliyeona jambo la ajabu. "Mimi nilidhani vitabu vyote vinatoka mahali pamoja, kama marobota ya nguo."

Ukutani tulikuwa na ramani ya dunia. Mume wangu aliipata kwenye vitu vilivyotupwa ofisini akaitundika kuficha ufa. Wifi alisimama mbele yake na taa mkononi, akasema kwamba kabla hajafa atasoma kitabu kimoja kutoka kila nchi iliyomo. Mume wangu akacheka. Nami nikacheka. Ni kicheko kilichonigharimu sana.

Alijiwekea sheria. Kitabu lazima kiwe kimeandikwa na mtu wa nchi hiyo. Lazima kiishe, mwanzo hadi mwisho. Na kama haijui lugha yake, basi apatikane anayeijua, akisome na kumweleza kwa Kiswahili, bila kuruka. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Kiswahili alikisoma kama anakunywa maji, maana misheni walimfundisha vizuri. Kiingereza alikipapasa kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Lugha nyingine, hata moja. Kwa hiyo sharti alilojiwekea yeye lililipwa kwa muda wa watu wengine wote wa Kilosa.

Mwenye duka alikuwa na mama yake mzee, aliyekuwa akikaa nyuma ya duka akichambua mchele. Wifi akagundua kwamba bibi yule ana kitabu cha hadithi cha kwao, cha Kigujarati. Mchana baada ya mchana walikaa wawili hao, sinia la mchele katikati, mmoja anasoma na kueleza kwa Kiswahili chake cha dukani, mwingine anauliza, "Na kisha?" Hadithi yenyewe ilikuwa ya mkwe aliyenyanyaswa na mama wa mumewe. Walilia wote wawili, mchele ukaloa. Mwenye duka alikuja mpaka mlangoni kwangu.

"Mama, wifi yako naliza mama yangu kila siku. Mimi nakula chapati baridi."

"Mimi nakula maharage bila chumvi," nikamjibu. "Tumshitaki wapi?"

Stesheni ndiko alikomaliza aibu. Treni ya bara ilipokuwa ikisimama kunywa maji, Wifi alipita dirisha hadi dirisha kwenye mabehewa ya Wazungu, khanga imefungwa vizuri, kifua mbele. "Shikamoo bwana. Unatoka nchi gani? Una kitabu cha kwenu ulichomaliza?" Wengine walifunga vioo. Wengine walidhani anauza ndizi. Mume wangu, karani wa mizigo, mtu aliyeheshimika, alikuwa akijificha nyuma ya magunia hadi treni iondoke. Wifi huyu huyu aliyemchapa mwanangu kwa kudanganya kwamba hakulamba sukari, alimwambia Mzungu mmoja kwamba ametumwa na serikali.

Kwa njia hiyo akapata Ubelgiji. Bruda mmoja wa misheni ya Kikatoliki, aliyekuwa akitengeneza magari, alikubali kumsomea akiwa amelala chini ya lori. Ubelgiji ikatokea kuwa kitabu cha kufuga kuku.

"Hicho si kitabu," nikamwambia. "Hicho ni maelekezo."

"Kimeandikwa na Mbelgiji?"

"Ndiyo."

"Kina mwisho?"

Kilikuwa nacho. Na kwa kuwa alikisoma hadi mwisho aliona si vizuri elimu ile ipotee. Kitabu kilisema kuku wenye utitiri waoshwe kwa maji ya tumbaku. Kuku wangu hawakuwa na utitiri. Waliogeshwa hata hivyo, siku nilipokwenda kliniki. Niliporudi niliwakuta wamelala mstari mmoja uani, na Wifi amesimama juu yao akisoma tena ukurasa ule, midomo ikitembea.

"Labda tumbaku yao ni nyepesi," akasema.

Ningeweza kuendelea hivi mpaka kesho. Vitabu vyake vilivyoloa alivianika kwenye kamba yangu ya nguo, mashuka yangu akayahamishia kwenye miiba. Akiazima chako hukioni tena. Ukiazima chake anakugongea asubuhi kabla hujanawa uso. Jumapili hakukosa kanisani hata mara moja, na wakati wa mahubiri alikuwa na kitabu cha watu wengine ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Nikimwita aje ale nilikuwa nikimwambia, "Wifi, kitabu si uji, hakipoi." Naye alinijibu bila kuinua kichwa, "Mimi ndiye nitakayepoa."

Halafu ukali wake wa sheria ulikuwa wa kuchagua. Usiku macho yake yakichoka, mimi nikimsomea kwa Kiswahili nikaruka mstari mmoja kwa usingizi, alinirudisha mwanzo wa ukurasa. Lakini yule Mmakua alipomwambia kwamba kitabu kile cha Ureno hakikuandikwa kwa ajili ya watu kama yeye, na kwamba watu wa kwao hawana kitabu, Wifi alikifunga kitabu, akamwambia, "Basi nisimulie ya kwenu wewe mwenyewe. Nitaihesabu nchi." Akamsikiliza siku nyingi, jioni Mmakua akitoka kukata mkonge, akimpelekea na ugali. Ugali wangu.

Habari ya Mikumi sijamsamehe. Dereva mmoja wa lori alimwambia kwamba kule Mikumi kuna Mzungu wa Norwe amepiga hema, anapima njia. Wifi alituaga kwamba anakwenda kumtazama mzazi mmoja Mvumi. Hakurudi siku ile wala ya pili. Nilikuwa na mimba kubwa ya mtoto wangu wa tatu, na mkunga wangu hajulikani aliko. Mume wangu alikuwa anavaa viatu kwenda polisi ndipo lori likasimama nje, na Wifi akashuka kutoka juu ya magunia ya mahindi, mwekundu kwa vumbi tangu nywele hadi kucha.

"Tembo walikaa njiani," akasema. "Hawakutaka kuondoka. Lakini yule bwana anajua Kiswahili, na hakuwa na kazi ya kufanya. Nimepata Norwe, wifi!"

Nilimnunia mpaka uchungu uliponishika, maana hapo huwezi kumnunia mkunga wako. Ilikuwa asubuhi, uchungu mkali kuliko wa watoto wawili wa kwanza. Wifi aliniweka vizuri, mikono yake ikatulia tumboni kwangu, akaanza kusema kwa sauti ya kawaida kama tunapepeta mpunga pamoja.

"Huko Norwe palikuwa na mtu na mkewe, maskini, wana ng'ombe mmoja. Theluji ikaanguka ikafika madirishani."

"Theluji ni nini?"

"Sukuma kwanza. Baridi ikazidi, wakaona ng'ombe atakufa bandani. Wakamwingiza ndani, wakamlaza miguuni pa kitanda chao."

"Wifi, nakufa!"

"Hufi. Ng'ombe akaacha kula. Mwanamke akamwambia mumewe, huyu akituponyoka na sisi tumekwisha. Akawa anaamka kila mara kumwekea mkono puani aone kama anapumua. Sukuma tena. Siku moja akaweka mkono, asisikie kitu."

"Na kisha?" Nilikuwa napiga kelele, sijui kwa uchungu au kwa ng'ombe. "Kisha nini?"

Mtoto akatoka. Msichana, analia vizuri. Wifi akakata kitovu, akamfunga, akanipa. Nilipopata pumzi nikauliza, "Ng'ombe alipona?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Kurasa za mwisho yule bwana aliwashia moto."

Kama ningekuwa na nguvu ya kusimama, Kilosa ingepoteza mkunga siku hiyo. Mpaka leo sijui habari ya ng'ombe yule. Na Norwe aliihesabu, pamoja na sheria zake zote za mwanzo hadi mwisho.

Sasa niseme lile lililotaka kutufukuza kwenye nyumba.

Kutoka dirisha moja la treni alipata kitabu cha Ayalandi. Kilikuwa cha Kiingereza, akakipapasa mwenyewe msimu mzima. Kilisimulia jinsi wakulima wa huko walivyoonewa na mwenye ardhi, wakakubaliana wasimpige wala wasimtukane. Wasimsalimu tu. Asiuziwe mkate, asiulizwe hali, akipita watu watazame pembeni. Wifi alikuwa akienda kambini kwa Meneja kuwatazama wazazi, na wanawake wakisubiri zamu kwenye kibaraza cha zahanati aliwasimulia. Yeye aliona anasimulia Ayalandi.

Wakati ule ule Meneja alikuwa ameongeza mafungu ya mkonge ambayo mtu anapaswa kukata kwa siku, malipo yakabaki palepale. Watu walinung'unika. Kisha asubuhi moja Meneja akaja shambani juu ya pikipiki yake kama kawaida, akasema kwa sauti, "Hamjambo!" Hakuna aliyejibu. Visu vinakata tu. Akarudia. Watu wakatazama mkonge. Alipita mstari hadi mstari, akapita kinu cha mkonge, akapita kambini kwa wanawake na watoto, hata vikongwe hawakumwitikia. Kesho yake vile vile. Na kazi inafanywa, hakuna wa kumshika kwa uvivu! Waliokuwepo walinieleza kwamba siku ya nne alishuka kwenye pikipiki akamshika mzee mmoja mabega, akamwambia karibu kulia, "Sema jambo, mzee. Sema tu jambo." Mzee akainama akafunga kamba ya kiatu. Naye hakuwa na viatu.

Nyapara mmoja ndiye aliyetoboa siri. Ni hadithi ya Mkunga, alisema. Meneja akapiga marufuku Wifi kukanyaga shamba lake, akampelekea habari Stesheni Masta, na Stesheni Masta akamwita mume wangu. Alirudi nyumbani uso umepauka kama majivu. Aliambiwa kwamba mtu anayeishi nyumba ya reli na dada anayechochea manamba hataendelea kuishi humo, wala kufanya kazi.

"Dada," akasema, hakukaa. "Mimi nina watoto watatu. Sikukatazi kuishi hapa. Lakini vitabu vitoke, na hadithi ziishe. Sitaki kusikia hata moja, si kambini, si hapa, si kwa mzazi. Chagua."

Nilitegemea vita. Wifi alitazama ramani, akamtazama mdogo wake. "Nimekusikia," akasema. Akavipanga vitabu kwenye makapu mawili, akavipeleka kwa yule bibi nyuma ya duka. Akarudi akafagia uwanja.

Nilidhani nimepata raha. Chumvi ililetwa nilipotuma chumvi. Mashuka yangu yalirudi kwenye kamba. Wifi alipika, akachota maji, akasuka watoto nywele, akala kidogo, akalala mapema. Sikuwahi kuchoshwa na mtu kama nilivyochoshwa na wema ule. Nilijikuta nikimwuliza, "Wifi, ile nchi iliyo juu pale kwenye ramani, ya njano, uliisoma?" Akajibu, "Maji yamechemka."

Ndipo wakaja na kitanda. Ilikuwa mchana, jua kali. Wanaume wanne wa kambini, wamekibeba kitanda cha kamba mabegani kando ya reli, na juu yake mwanamke, mke wa mkata mkonge mmoja Mrundi, ameshika pembe za kitanda. Walimtoa shambani kwa kitoroli cha mkonge hadi mpakani, kwa kuwa mkunga haruhusiwi kuingia, kisha wakamwinua. Uchungu ulimshika tangu jana yake. Wifi alimgusa mara moja tu, akaniambia, "Mtoto ametanguliza miguu. Weka maji."

Chumba changu cha wageni kikawa wodi. Mume wangu alikuja mbio kutoka stesheni, akazuiwa mlangoni na desturi, akabaki chini ya dirisha pamoja na yule Mrundi. Mwanamke alikuwa amechoka, amefika mahali ambapo mzazi huacha kusukuma na kugeuza uso ukutani. Niliogopa. Wifi alifanya kila lililo la mikono, lakini kinywa amekifunga, jasho linamtiririka.

"Mama," yule mwanamke akanong'ona, "wanasema wewe unasimulia."

Wifi akalowesha kitambaa, akamfuta paji la uso. Alikuwa ametoa neno kwa mdogo wake, na akitoa neno hutoa kweli.

Mwanamke akafumba macho. Na hapo dirishani ikatoka sauti ya mume wangu, ya juu, imekatika katikati. "Msimulie basi, dada! Msimulie! Unangoja nini?"

"Ulinikataza."

"Nakuomba!"

Akamwinamia mwanamke. Akaanza: palikuwa na nchi inaitwa Ayalandi, kisiwa, mvua kila siku. Alisimulia ile ile, neno kwa neno, na kila walipofika mahali pa kusukuma alisimama akangoja. "Na kisha?" mwanamke akauliza, macho yamefunguka. "Sukuma nikwambie." Mrundi na mume wangu nje nao walisogeza masikio dirishani. Miguu ikatoka, kiuno kikatoka, mikono ya Wifi ikaingia mahali ambapo mimi sikuthubutu kutazama, na kichwa kikaja. Mtoto hakulia. Wifi akampuliza, akampiga nyayo, akampuliza tena. Kisha akalia, wa kiume, na nje baba yake akaketi chini mavumbini kama aliyekatwa miguu.

Usidhani Meneja aliomba radhi. Lakini baada ya siku ile kila mzazi wa kambini alibebwa hadi kwangu. Walijaa barazani, ndugu zao wakapika uani, Stesheni Masta mwenyewe akalalamika kwamba abiria wanadhani nyumba yetu ni hospitali. Mke wa Meneja alikuwa mjamzito tena, naye akamwambia mumewe kwamba akikaribia atabebwa kama wenzake. Mafungu ya mkonge yakarudishwa kama zamani, salamu zikarudi, na marufuku ile haikufutwa na mtu. Iliota nyasi tu. Vitabu vikarudi kwenye makapu yake na kamba yangu ya nguo ikapotea tena.

Alihamia Tindiga kwa binti yake miaka michache baadaye, miguu ilipoanza kumvimba. Nyumba ikawa na nafasi. Sikuipenda ile nafasi.

Mara ya mwisho kwenda kumwona Uhuru ulikuwa unanukia, watu wanazungumza siasa hata msalani. Nilikuwa nimetoka Morogoro, na huko dukani niliona kitabu cha hadithi za Uajemi kilichotiwa Kiswahili. Nilijua Uajemi hana. Mimi niliyeapa sitakigusa tena kitabu zaidi ya cha nyimbo, nikakinunua, nikakifunga kwenye kitambaa, nikapanda lori, nikashuka barabarani, kisha nikatembea kwenye majaruba ya mpunga viatu mkononi, tope hadi magotini.

Nilimkuta kibarazani anachambua mboga.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba, wifi yangu. Mbona umeloa hivyo?"

Nikamwekea kitabu mapajani. Akakitazama. "Ah," akasema. "Uajemi. Niliacha hayo."

"Uliacha nini?"

"Kusoma dunia. Zitamalizika wapi? Kila redio ikifunguliwa nchi mpya imezaliwa. Wananiongezea kazi." Akarudi kwenye mboga. "Na mimi nilitaka tu kujua kama huko kwao watu wanahangaika kama sisi. Wanahangaika. Vitabu vitatu vya kwanza vilitosha."

Nilihisi damu inanipanda. "Vitatu? Na hivyo vingine vyote? Kuku wangu? Mikumi? Kazi ya mdogo wako?"

"Nilikuwa nahakikisha."

Sikukaa hata nikanywa maji. Nilikichukua kitabu changu, nikamuaga binti yake, nikaondoka. Nilikuwa nimeshavuka jaruba la kwanza niliposikia, "Wifi! Kinaanzaje?"

Sikugeuka.

"We wifi! Nakuuliza, kinaanzaje?"

Nilifika barabarani nikakaa kwenye jiwe, nangoja lori, najikwangua tope miguuni kwa hasira. Haukupita muda nikamwona anakuja juu ya tuta, fimbo mkononi, miguu yake ile imevimba, khanga inaburuta topeni. Alikuja akakaa kando yangu, anahema. Kisha nikafungua kitambaa, kwa kuwa kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyazuia.

Nikamsomea. Mwuza maji mmoja alikosea mlango jioni, akaingia nyumba ya tajiri, na mke wa tajiri akamvua viatu, akamwandalia chakula, akamuuliza mbona amechelewa. Mwuza maji akaketi akala. Ndipo mlango ukabishwa.

Lori likatokea kwa mbali, likakaribia, likapunguza mwendo. Dereva akapiga honi, akatoa kichwa.

"Mama, Kilosa?"

Niliinuka nusu. Wifi akanishika mkono kwa vidole vile vilivyopokea watoto wa nusu ya wilaya, akampungia dereva aende zake.

"Wifi, ndilo lori la mwisho hilo!"

"Mwenye nyumba yuko mlangoni," akasema. "Na kisha?"

Lori likaondoka na vumbi lake. Sikuwa na nguo ya kubadili, nyumbani hawajui nilipo, na mbu wa Tindiga walikuwa wameanza kuamka. Nikageuza ukurasa kwa hasira.